Sauti Iliyomrudia Mwenyewe: Historia Fupi ya Filamu za Hali Halisi

Katika lugha yetu jina la aina hii ya filamu halijatulia bado. Wako waiitao filamu ya hali halisi, wako waiitao filamu ya makala, na wengine husema filamu ya kumbukumbu. Kila jina lashika upande mmoja wa jambo: la kwanza latazama kweli iliyomo, la pili latazama maelezo, na la tatu latazama uhifadhi. Katika makala haya tutatumia jina la kwanza. Maana yetu ni filamu isiyotungwa wala kuigizwa, inayowachukua watu walio hai, pamoja na nyumba zao, kazi zao na maneno yao, kisha ikazipanga picha hizo ziwe hadithi.

Tangu mwanzo wa karne hii filamu za namna hiyo zimeongezeka sana katika nchi zinazosema Kiswahili. Zimeonyesha maisha ya waimbaji, wakulima, wanafunzi, wazee na watu waliojeruhiwa vitani. Watazamaji wengi huzipima kwa uzuri wa picha. Sisi twapendekeza kipimo kingine, ambacho ni kipimo cha mwalimu wa lugha: ni nani asemaye ndani ya filamu, kwa lugha gani, na kwa ajili ya nani? Tukiifuata sauti badala ya picha, twaona historia ya yapata miaka tisini yenye mwendo ulio wazi. Sauti ilianza kwa mgeni, ikapokewa na serikali, na sasa inaanza kumrudia mwenyewe. Neno "inaanza" tumelichagua makusudi, na sababu yake tutaieleza kabla ya kumaliza.

Sauti ya mgeni

Mwaka 1935 ulianzishwa Tanganyika mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na fedha zake zilitoka kwa Shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mradi huo ulipokwisha mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu fupi 35. Zilihusu kilimo bora, maradhi, malezi ya watoto, na hata faida ya kuweka fedha katika Benki ya Akiba ya Posta. Zilichukuliwa kwa gari na kuonyeshwa vijijini na mijini katika Tanganyika, Kenya, Uganda, na nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia.

Jambo la kutazamwa hapa ni namna sauti ilivyopatikana. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalisomwa mbali na mahali pa kupigia picha, yakanaswa katika santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, kisha santuri ikapigwa wakati picha zikienda. Mkulima alionekana akilima, lakini sauti iliyosikika haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mtu mwingine inayomweleza mkulima huyo kwa wakulima wenzake. Kiswahili kilikuwamo ndani ya filamu, ila kilikuwamo kama chombo cha kupitishia amri. Hakikuwa kinywa cha mtu mwenye habari yake.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yake. Kiongozi wake, William Sellers, aliwahi kufanya kazi ya afya Nigeria, na aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kuifuata filamu ya kawaida. Kwa hiyo aliagiza picha ziende polepole, matukio yafuatane bila kurukwa, na ufundi wa kukata na kuunga upunguzwe. Leo tunajua kwamba imani hiyo haikuwa na msingi. Mijini Waafrika walikuwa wakitazama sinema za kila namna na kuzielewa barabara. Hata hivyo imani hiyo ilitawala mpaka kitengo kilipofungwa mwaka 1955.

Katika maonyesho ya magari ya sinema, mara nyingi alisimama kando ya pazia mkalimani mwenye kipaza sauti, akiwaeleza watu kwa lugha yao kinachotokea. Twamtaja mtu huyu kwa sababu historia humsahau. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji wa kwanza kusema mbele ya picha hizo. Hakuruhusiwa kuibadili filamu, lakini neno lilikuwa lake, na kila mwalimu aliyewahi kufasiri anajua kwamba mfasiri hapiti bila kuacha alama.

Katika Kongo ya Wabelgiji mambo yalikuwa na sura yake. Mfalme Baudouin alipoizuru koloni hiyo mwaka 1955, André Cauvin alitengeneza filamu ya safari hiyo na kuiita Bwana Kitoko. Jina hilo lastahili kufikiriwa darasani. "Bwana" ni neno letu, na "kitoko" ni neno la Kilingala lenye maana ya uzuri. Lugha mbili kubwa za Kongo zilikopwa ili kumsifu mgeni mmoja, na wenye lugha hizo walionekana katika filamu wakiwa umati unaoshangilia.

Sauti ya serikali

Uhuru ulipopatikana, serikali mpya ziliona upesi nguvu ya filamu. Tanzania iliunda Kampuni ya Filamu mwaka 1968, na mwaka 1974 ikaanzisha Taasisi ya Picha na Sauti. Zilitengenezwa filamu za kilimo, afya, elimu ya watu wazima na siasa ya Ujamaa. Filamu ya Fimbo ya Mnyonge, iliyotolewa katika miaka ya 1970, yafahamika kuwa miongoni mwa kazi zilizoieneza siasa hiyo.

Si haki kuzibeza kazi hizo. Zilitengenezwa na wananchi, kwa Kiswahili fasaha, na ziliwaonyesha watu wa kijijini kama raia wenye heshima. Katika nchi ambako wengi walikuwa ndipo wanajifunza kusoma, filamu ya dakika ishirini iliweza kufanya kazi ya vitabu vingi. Lakini tukirudi kwenye kipimo chetu, twaona kwamba msimulizi alikuwa amebadilika lugha na uraia tu. Mahali pake palikuwa pale pale, juu ya picha. Mkulima aliendelea kulima kimya, naye msimulizi aliendelea kujua yote.

Sababu moja ilikuwa ya siasa, na nyingine ilikuwa ya vyombo. Watu husahau hii ya pili. Kumnasa mtu akisema huku picha yake ikichukuliwa, maneno na midomo vikaenda pamoja, kulihitaji mitambo mizito mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndipo zilipopatikana kamera nyepesi zisizo na kelele, na vinasa sauti vya kubebwa begani kama Nagra, kilichobuniwa na Stefan Kudelski. Mwaka 1960 Jean Rouch na Edgar Morin walivitumia vyombo vya aina hiyo mjini Paris kuwauliza watu wa kawaida habari za maisha yao. Toka hapo filamu ya hali halisi ikawa na njia mpya: badala ya kumweleza mtu, ingeweza kumsikiliza.

Njia hiyo ilichelewa kufika kwetu, kwa kuwa utepe wa filamu ulinunuliwa kwa fedha za kigeni na kusafishwa ng'ambo au katika maabara chache. Lililoivunja kamba hiyo ni video, na hasa kamera ndogo za dijitali zilizoanza kuuzwa mwaka 1995. Kanda moja ya bei nafuu iliweza kunasa saa nzima. Mtengenezaji wa filamu akapata kile ambacho fedha zilikuwa zikimnyima, nacho ni subira. Aliweza kukaa na mtu miezi, hata miaka, akamngoja aseme.

Palipatikana pia mahali pa kujifunzia na kuonyeshea. Tamasha la filamu la Zanzibar lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Mwaka 2004 Mira Nair alianzisha Maisha, warsha ya vijana wa Afrika Mashariki iliyokuwa na makao Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Judy Kibinge alianzisha Nairobi mfuko wa Docubox kwa ajili ya filamu za hali halisi. Jina "Maisha" lasema lenyewe: kilichotafutwa ni maisha ya watu, yasimuliwe na wao.

Sauti ya mwenyewe

Hebu tuzitazame kazi chache zilizotokana na mabadiliko hayo.

Mwaka 2006 ilitoka filamu ya Andy Jones juu ya Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Unguja. Mwimbaji huyu alizirithi nyimbo za Siti binti Saad, akawa pia mpigaji ngoma na kungwi wa unyago. Filamu yamwonyesha jukwaani Ulaya, na yamwonyesha nyumbani akivuta sigara na kutaniana na majirani. Wako Waunguja waliomstahi kwa sanaa yake na kuchukizwa na mwenendo wake, na filamu haiwanyamazishi wala hao. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa popote, na umri wake ulikuwa jambo la mzaha na ubishi mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Kwetu sisi thamani kubwa ya filamu hiyo imo katika maneno yake. Ndani yake mmehifadhiwa Kiswahili cha mwanamke wa Unguja wa kizazi kile, chenye mafumbo, matusi ya utani na ukimya wenye maana. Kamusi hunasa maneno, lakini haiwezi kunasa namna Bi Kidude alivyolicheka swali kabla ya kulijibu.

Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ametoka mwongozaji Dieudo Hamadi, aliyezaliwa mwaka 1984 na aliyewahi kusomea udaktari. Filamu yake ya mwaka 2014 juu ya Mtihani wa Taifa yatugusa walimu moja kwa moja. Yawafuata wanafunzi wa sekondari waliofukuzwa shule kwa kukosa fedha za kuwaongezea walimu mshahara, kwa kuwa mshahara wa serikali hauwatoshi. Vijana hao wajikusanya katika nyumba moja, wasoma peke yao, watafuta maombi, na watafuta hata njia za mkato. Hakuna msimulizi anayetuambia nani mwovu. Mwalimu anayedai fedha ana haki yake, na mwanafunzi anayetolewa darasani ana yake. Twaachiwa sisi watazamaji aibu ya kuwaelewa wote wawili.

Filamu yake ya mwaka 2020, iitwayo kwa Kifaransa En route pour le milliard, yaani Njiani kuifuata bilioni, ina uzito zaidi. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani kwa siku sita. Raia kwa mamia waliuawa, na wengi walibaki bila miguu au mikono. Mwaka 2018 kikundi cha majeruhi hao kilipanda mashua, kikateremka Mto Kongo yapata kilomita 1,700 mpaka Kinshasa kudai fidia. Waliishi katika mvua chini ya maturubai, wakabishana, wakaimba, na walipofika wakazuiwa kuingia bungeni. Katikati ya safari hiyo Hamadi ameweka vipande vya mchezo wa kuigiza ambamo majeruhi wenyewe wapanda jukwaani kucheza maisha yao. Basi sanaa na maisha hapa havitengani. Mtu aliyenyimwa nafasi ya kusema bungeni asema jukwaani, kisha asema tena ndani ya filamu.

Filamu hiyo iliteuliwa rasmi na tamasha la Cannes mwaka 2020, ikawa ya kwanza kutoka nchi hiyo kupata heshima hiyo. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile. Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyoleta hukumu, kwani kesi ilikuwa mahakamani tangu 1999. Twasema tu kwamba hukumu hutaja idadi, na filamu hutaja mtu. Sisi wa nchi jirani, ambao majeshi ya nchi zetu yamo katika habari hii, twahitaji kuvijua vyote viwili.

Kenya nayo ina mifano miwili tusiyoweza kuipita. Katika filamu iliyotoka mwaka 2017, mkulima Kisilu Musya wa Kitui alipewa kamera na Julia Dahr wa Norway, akajipiga picha yeye, mkewe, wanawe na mvua isiyotabirika kwa muda wa miaka mitano. Hapa msimulizi ni yule yule mkulima ambaye mwaka 1935 alilima kimya. Ameishika kamera mwenyewe, na mwaka 2015 alisafiri hadi Paris kwenye mkutano wa mataifa juu ya tabianchi. Mwaka 2019 Maia Lekow na Christopher King walitoa filamu iitwayo Barua, kwa Kiingereza The Letter, kutoka Kilifi. Bibi kizee aliyepita miaka tisini ashutumiwa uchawi kwa barua iliyotoka ndani ya ukoo wake, na mjukuu wake arudi kutoka Mombasa kutafuta ukweli. Kadiri filamu inavyokwenda, ndivyo shamba linavyojitokeza nyuma ya shutuma. Kenya iliituma filamu hiyo kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar.

Usione kwaelea

Wahenga walisema: usione kwaelea, vyaundwa. Filamu ya hali halisi yaelea machoni petu kama kweli tupu, lakini imeundwa. Saa mia kadhaa za picha hupunguzwa zikawa dakika tisini, na kila kilichokatwa kimekatwa na mtu. Msimulizi akiondolewa, uchaguzi haujaondoka. Umejificha tu katika mikono ya mhariri. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kuuliza: swali gani liliulizwa kabla ya jibu hili? Nani hakuhojiwa? Na je, aliyepigwa picha aliiona filamu, akaelewa itakakokwenda?

Kuna jambo jingine linalotufanya tuseme kwamba sauti inaanza tu kumrudia mwenyewe. Nyingi ya filamu hizi hupata fedha zake Ulaya na Marekani. Huonyeshwa kwanza Amsterdam, Berlin au Leipzig. Majina yake ni ya Kiingereza au Kifaransa, na tafsiri ziandikwazo chini ya picha ni za lugha hizo hizo. Mtu wa Kisangani akisema Kilingala, mtazamaji wa Lyon atamwelewa, lakini mtazamaji wa Kigoma hatamwelewa. Mkulima wa Kitui akisema Kikamba, tafsiri ya Kiswahili ni adimu kuipata. Sauti imemrudia msemaji, lakini bado haijamfikia jirani yake.

Hapa ndipo kazi yetu ilipo, ndugu walimu. Kwanza, tafsiri ya Kiswahili chini ya picha yaweza kuandikwa na walimu na wanafunzi wa Kiswahili kwa kuafikiana na wenye filamu, na ni zoezi bora la ufasiri, kwa sababu hulazimisha ufupi. Pili, dakika kumi za filamu zatosha somo zima. Wanafunzi wasikilize mara ya kwanza bila kuandika, na mara ya pili wayaandike maneno kama yalivyosemwa. Wakikuta "batu" mahali pa "watu", au "bintu" mahali pa "vitu", wasikimbilie kalamu nyekundu. Hicho ni Kiswahili cha mashariki ya Kongo, chenye kanuni zake na mamilioni ya wasemaji, na wengi wa wanafunzi wetu wamekilelewa nyumbani. Wakilinganishe na cha Unguja na cha Mombasa, nao wataona kwa masikio yao upana wa lugha hii. Tatu, kila shule ina mzee mmoja jirani ambaye maneno yake hayajanaswa. Simu ya mkononi ya leo inanasa picha na sauti kwa wepesi ambao mafundi wa Vugiri hawakuuota. Kinachohitajika ni adabu ya kuomba ruhusa, subira ya kusikiliza, na uaminifu wa kumrudishia mzee kile alichosema akione kabla ya wengine.

Santuri zile za 1935 zilisema Kiswahili bila kumsikiliza Mswahili hata mmoja katika picha. Tukiwafundisha wanafunzi wetu kusikiliza kabla ya kueleza, tutakuwa tumesahihisha sehemu ya historia hiyo, na Kiswahili kitakuwa na maktaba nyingine mpya, ambayo vitabu vyake ni watu.